Kompyuta Iliyokumbuka Kuliko Mimi

Nenosiri lile niliweka kwa sababu ya mjukuu wangu, ambaye kila nilipokwenda msikitini alikuwa akifungua kipakatalishi changu, chenye daftari la michango ya harusi ya shangazi yake, na kucheza mchezo wa mbio za magari. Mtoto aliyezaliwa Lamu, ambako vichochoro havipitishi hata mkokoteni mpana, sijui kiu hiyo ya magari aliipata wapi. Nenosiri la Windows alikwisha kulijua. Nikaamua kuweka jingine kwenye kizingiti kabisa, katika programu ya mwanzo inayoamka kabla ya Windows, ili asiyelijua asifike hata ukumbini.

Mambo yalikuwa shwari kwa wiki tatu, kwa kuwa nilikuwa nikifunga kifuniko tu bila kuizima kompyuta, nayo ikawa inasinzia na kuamka pasipo kuniuliza neno. Kisha umeme ukakatika usiku kucha, betri ikaisha, na asubuhi yake nikakutana na kisanduku cheupe kinachodai nenosiri. Harusi ilikuwa imebakiza siku 4.

Nilijaribu majina ya wajukuu, nikajaribu jina la jahazi la marehemu baba, nikajaribu na jina jingine moja nililoliamini kuliko yote. Kila nilipokosea mara tatu kompyuta iligoma kabisa, ikawa sina budi kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, kisha nianze upya kuomba radhi. Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na upawa mkononi, aliuliza kwa upole wa kutisha, "Mwalimu, jina langu umelijaribu?" Sikuwa nimelijaribu. Nililiandika mbele yake, likakataliwa, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko mlango wa nakshi.

Nilimpeleka mgonjwa kwa fundi, nyuma ya Ngome, mkoba nikiwa nimeufunga juu ya punda wetu jike ambaye kazi yake ya kila siku ni kubeba mchanga na mawe, na ambaye mke wangu hudai kuwa namkatia maembe mengi kuliko ninavyomkatia yeye. Fundi alicheka nilipomwambia afute kila kitu na kuweka Windows mpya. Alinieleza kwamba nenosiri la aina hii halikai kwenye diski, bali katika kijisehemu kilichopachikwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, kwa hiyo hata diski nikiitupa baharini kisanduku cheupe kitaendelea kuniuliza. Diski yenyewe angeweza kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine, lakini mimi nilitaka kompyuta yangu. Alikuwa na dawa moja ya zamani: kuondoa betri ndogo ya duara, inayofanana na kifungo cha koti, na kungoja nusu saa. Katika kompyuta nyingi za zamani dawa hiyo hufuta nenosiri. Katika yangu ilifuta saa na tarehe tu. Ilizinduka ikiamini kuwa tuko katika mwaka uliopita zamani, ila nenosiri ilikuwa imelishika barabara. Mimi tarehe naijua, nenosiri ndilo lililonitoka. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nilianza kuona kuwa kompyuta yangu nayo ingefaa kuombewa nafasi humo.

Fundi alitaja bei ya ubao mpya. Nilimshukuru, nikamfungua punda, nikarudi nyumbani.

Aliyeokoa harusi ni mke wangu, tena huku akikuna nazi. "Jioni ile ulipoweka hilo neno lako," alisema, "si uliniita nije nione kompyuta imepagawa? Uliandika kamati, zikatoka namba." Nikaruka. Kwenye kompyuta ndogo kama yangu, namba hujificha chini ya herufi za mkono wa kulia: j, k na l huwa 1, 2 na 3, u, i na o huwa 4, 5 na 6, m huwa 0. Nilikuwa nimebonyeza Num Lock, kitufe kinachoziamsha namba hizo, nikijumlisha michango, nikaiacha hivyo, nikaweka nenosiri pasipo kuona ninachoandika, kwa sababu kisanduku huonyesha vidoti tu. Mjukuu ndiye aliyeizima hiyo Num Lock kesho yake, akajiona daktari.

Nikabonyeza Num Lock, nikaandika lile jina nililoliamini. Kwangu lilikuwa jina. Kwa kompyuta lilikuwa 0a325a. Mlango ukafunguka, michango yote ikawa humo, na mke wangu akauliza neno lenyewe lilikuwa lipi.

"Malkia," nilimjibu, na sikuongeza kitu.

Aliinamisha uso, akajirekebisha leso, na mchana ule nikaandaliwa wali wa nazi na kamba wa kupaka kama kwamba bwana harusi ni mimi. Nilikuwa katika tonge la tatu mjukuu alipouliza, "Babu, kwani kompyuta nayo umeipa jina la punda wetu?"

Chakula cha jioni nilikula kwa dada yangu, mtaa wa Langoni.