Chipu ya Juno-106 na suala la sauti halisi

Kati ya lawama zinazoelekezwa kwa programu za kompyuta zinazoiga sintesaiza (vinanda vinavyounda sauti kwa umeme) za miaka ya 1970 na 1980, hakuna iliyozoeleka kama ile ya kukosa joto. Mpiga kinanda aliyekulia kwenye Minimoog au Juno-106 hufungua programu, hubonyeza vitufe viwili vitatu, kisha husema kwamba sauti ni ile ile lakini imepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani. Lawama hiyo haifai kupuuzwa, kwa sababu wengi wanaoitoa wana masikio makini na wameishi na ala hizo kwa miaka mingi. Hata hivyo, naona imejengwa juu ya dhana moja isiyochunguzwa vya kutosha, kwamba ipo sauti halisi iliyotulia ndani ya kinanda cha kale, na kwamba kazi iliyobaki ni kuilinganisha na nakala yake.

Tuiangalie Juno-106 kwa karibu. Kampuni ya Roland ya Japani iliitoa mwaka 1984, ikiwa na uwezo wa kutoa sauti sita kwa wakati mmoja, na kila sauti kati ya hizo hupita ndani ya chipu yake iitwayo 80017A, yenye chujio la masafa, yaani linalopunguza sehemu za juu za sauti, pamoja na kidhibiti cha ukubwa wa sauti. Chipu hizo zilifunikwa kwa utomvu mweusi wa epoksi. Miaka ilivyokwenda, utomvu huo ukaanza kuvujisha umeme mahali pasipotakiwa, na dalili zake anazijua kila fundi wa vinanda hivi: ukipiga noti moja moja, tano zinatoka safi na ya sita inachakacha, au inaendelea kulia hata baada ya kidole kuinuliwa. Tiba yake inataka subira. Fundi huing'oa chipu kwenye bodi na kuitumbukiza ndani ya asetoni, akaiacha humo kwa siku kadhaa mpaka ganda lilainike, kisha hulibandua kidogo kidogo kwa kibanio na brashi hadi kibaki kibao chembamba chenye miguu, ambacho hukilehemu tena mahali pake. Baadhi ya chipu hupona. Zisizopona hubadilishwa kwa zile zilizobuniwa upya na watengenezaji wengine, kwa kuwa Roland haizitengenezi tena.

Je, kinanda kilichobadilishwa chipu zote sita, kikawekewa kapasita mpya (vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme) kwa kuwa zile za awali zilikauka, kisha kikarekebishwa upya kwa bisibisi ya fundi, bado ni Juno-106 halisi? Mimi nasema ndiyo, na sijapata kumsikia mwenye kinanda cha namna hiyo akisema vinginevyo. Lakini tukishakubali hilo, tumekubali jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Tumekubali kwamba kinachoifanya Juno iwe Juno ni namna sehemu zake zinavyohusiana, yaani umeme kiasi gani unaingia wapi, chujio linaitikia vipi, mawimbi yanapinda kwa kiwango gani yanapozidi nguvu, na kwamba sifa hiyo inaweza kuhama kutoka kipande kimoja cha silikoni kwenda kingine bila kupotea. Uhusiano wa namna hiyo unaweza kupimwa na kuandikwa kwa hesabu. Mwandishi wa programu anaianza kazi yake hapo hapo fundi mwenye chupa ya asetoni anapoiendeleza ya kwake, na kwa sababu hiyo nawaona kuwa watu wa ufundi mmoja.

Mtu anaweza kujibu kwamba tuache vinanda vilivyokarabatiwa, tuchukue ambacho hakijaguswa. Nacho hakitatusaidia sana. Kapasita za elektroliti hukauka kwa miaka, na zinapokauka thamani zake husogea. Virekebisho vidogo vilivyopangwa kiwandani havibaki vilipowekwa. Anayekisikiliza kinanda kama hicho leo anasikia sauti ya mwaka 1984 pamoja na miaka 40 iliyopita juu yake. Uzee huo unaweza kupendeza sana, na wapo watu wenye haki ya kuupenda, ila tusiuite uhalisi wa siku ya kwanza. Programu iliyojengwa kwa kufuata mchoro wa saketi na thamani zilizoandikwa katika mchoro huo inaweza kuwa karibu zaidi na kinanda kilivyotoka kwenye boksi kuliko kinanda chenyewe kilivyo leo. Wazo hili limenikaa kichwani muda mrefu, kwa sababu kila jaribio la kulinganisha programu na ala huichukua ala kuwa kipimo, ilhali kipimo chenyewe kimesogea, na kimesogea tofauti katika kila nyumba na kila studio. Ukiweka Juno-106 mbili kando kwa kando unaweza kusikia tofauti kubwa kuliko ile iliyopo kati ya mojawapo na programu nzuri.

Neno joto nalo linastahili kufunguliwa. Wengi huliegemeza kwenye kuyumba kwa tuni, ile hali ya osileta za analogi, saketi zinazozalisha mawimbi ya sauti, kusogea taratibu kadiri kifaa kinavyopata moto. Maelezo hayo yanaifaa Minimoog, hasa zile za mwanzo. Hayaifai Juno-106, ambayo osileta zake huongozwa na saa ya kidijitali, na ziliundwa hivyo makusudi ili zisiyumbe. Sehemu kubwa ya kile kinachopendwa kwenye Juno inatoka kwenye korasi yake, saketi inayochelewesha sauti kidogo kwa kuipitisha katika mnyororo wa kapasita ndogo ndogo zinazopokezana chaji, kisha kuichanganya na ile ya awali, huku ikiongeza mvumo wake wa chini unaosikika wazi noti zinaponyamaza. Mimi huupenda mvumo ule. Lakini una chanzo, una kipimo, na programu zinazouiga zipo.

Kusema hivyo hakufuti ukweli kwamba lawama ya kukosa joto iliwahi kuwa ya haki kabisa. Programu za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na makosa mawili makubwa. La kwanza ni la sampuli. Kompyuta inayochukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba sauti inayozidi hezi (mitetemo kwa sekunde) 22,050, ilhali wimbi lenye umbo la meno ya msumeno lina vipande vya sauti vinavyopanda juu bila kikomo. Vinavyozidi mpaka huo havipotei. Hukunjwa kurudi chini na kusikika kama milio mikali isiyohusiana na noti inayopigwa. Sikio lililozoea analogi huikamata milio hiyo mara moja, hata mwenye sikio asipojua ni nini.

La pili lilihusu chujio, na hili ndilo lililowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Chujio la Robert Moog, mwanzilishi wa kampuni iliyotengeneza Minimoog, lililopata hataza Marekani mwaka 1969, ni ngazi ya hatua nne za transista na kapasita, na sehemu ya sauti inayotoka juu hurudishwa mwanzoni. Ndani ya saketi mrejesho huo ni wa papo hapo. Programu hupiga hesabu sampuli moja baada ya nyingine, kila moja ikichukua takriban sehemu 23 za milioni ya sekunde, na ili kupata tokeo la sasa inahitaji kuwa tayari inalijua tokeo hilo hilo. Waandishi wa mwanzo walitumia tokeo la sampuli iliyopita, na kuchelewa huko kudogo kulitosha kulitoa chujio kwenye tuni yake na kulifanya lilie vibaya mrejesho ulipoongezwa. Tim Stilson na Julius Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford walilichambua tatizo hilo mwaka 1996. Mwaka 2004 Antti Huovilainen wa Finland aliwasilisha mfano wa hesabu uliotia ndani mpindo wa transista katika kila hatua ya ngazi, jambo linaloipa sauti ya Moog unene wake inapopigwa kwa nguvu. Ilipotoka programu ya Diva ya kampuni ya u-he mwaka 2011, ilikuwa ikiutatua mlinganyo mzima wa mrejesho kwa kila sampuli, na kompyuta nyingi za wakati huo zilihemea mzigo wake. Anayezihukumu programu za leo kwa kumbukumbu ya zile za mwaka 1999 ana kumbukumbu sahihi ya kitu ambacho hakipo tena.

Kwa DX7, sintesaiza ya kidijitali, hoja inakuwa nyepesi zaidi. Yamaha iliitoa mwaka 1983 kutokana na mbinu ya kubadili masafa ya wimbi moja kwa wimbi jingine, aliyoigundua John Chowning huko Stanford mwaka 1967. Ala hii ilikuwa kompyuta tangu mwanzo: osileta sita kwa kila sauti, mipangilio 32 ya kuziunganisha, na hesabu zinazosoma majedwali yaliyochapwa ndani ya chipu. Mwaka 2021 mhandisi Ken Shirriff alifungua chipu hiyo, akaipiga picha kwa darubini, akalisoma jedwali la mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye picha. Dexed, programu ya bure yenye msimbo ulio wazi, hupokea faili zile zile zilizotumiwa na DX7, sauti 32 katika baiti 4,104, na ina chaguo la kuiga hata ukwaru wa hesabu za chipu ya zamani. Kinachobaki nje ni saketi ya mwisho inayogeuza tarakimu kuwa umeme. Kusema kwamba hapa programu ni bandia ni kuiita hesabu hiyo hiyo bandia kwa sababu imehamia daftari jingine.

Upande mwingine una hoja mbili ambazo siwezi kuzipita. Moja ni ya mikono. Kwenye Minimoog kila kazi ina nobu yake, kitufe cha kuzungusha, na mpigaji hufungua chujio kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipiga, bila kutazama, kama dereva anavyobadili gia. Kipanya hushika nobu moja kwa wakati. Vipo vifaa vya nobu vinavyounganishwa na kompyuta, lakini mahali pa nobu hizo hapalingani na picha iliyo kwenye kioo, na mkono unaolazimika kutafuta hupiga muziki tofauti na mkono unaojua. Hasara hii ni ya kweli na hakuna mlinganyo utakaoiondoa.

Nyingine ni ya uhai. ReBirth, programu iliyotoka mwaka 1997 ikiiga mashine ya besi TB-303 na mashine ya ngoma TR-808 za Roland, ilisimamishwa mwaka 2005, na toleo lake la iPad likaondolewa mwaka 2017 Roland ilipodai haki zake za umiliki. Mfumo wa kompyuta za Apple uliotoka mwaka 2019 ulikataa kuendesha programu zote za biti 32, muundo wa zamani, na ala nyingi za programu zikanyamaza kwa usiku mmoja. Wakati huo huo Minimoog ya mwaka 1975 bado inawashwa na kulia. Hoja hii ina uzito, na jibu langu kwake ni la sehemu tu: programu zenye msimbo wazi kama Dexed zinaweza kujengwa upya na yeyote kwa mfumo wowote ujao, ilhali zile zilizofungwa zinaishi kwa hiari ya kampuni.

Lakini vifaa pia hufika mwisho wao. TR-808 ilitengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983, takriban mashine 12,000. Roland ilinunua kwa makusudi transista zenye kasoro, zilizokataliwa kwa matumizi ya kawaida, kwa sababu mchakacho wake ulifaa kwa sauti za ngoma. Viwanda vilipoboresha utengenezaji, transista mbovu za aina hiyo zikaadimika, na mashine ikakosa malighafi yake. Mwaka 2014 Kurt Werner na wenzake walichapisha mfano wa hesabu wa ngoma nzito ya 808, sehemu kwa sehemu ya saketi, kiasi kwamba unaweza kubadili thamani ya kapasita moja ndani ya programu na kusikia ngoma ikibadilika kama ambavyo fundi angeibadilisha kwa chuma cha kulehemu. Saketi ile sasa inaweza kusomwa, kuulizwa maswali na kufundishwa na mtu ambaye hajawahi kuigusa 808.

Na hao ambao hawajawahi kuigusa ndio wengi. Sehemu kubwa ya Bongo Fleva ilitengenezwa ndani ya kompyuta, na prodyuza wa Dar es Salaam au Mombasa anayetaka besi ya Moog hana duka la kuikuta wala fundi wa jirani aliyewahi kuifungua. Moog ilipoitengeneza upya Minimoog mwaka 2016 iliiuza kwa takriban dola 3,500, kabla ya usafiri na ushuru. Prodyuza huyo akitumia programu iliyojengwa kwa uangalifu, sioni kwa nini aombe radhi.

Ninachowadai watengenezaji wa programu ni kumbukumbu. Matangazo yao husema sauti ni ile ile ya kale, na mara nyingi huishia hapo. Watuambie walipima kinanda cha mwaka gani, kapasita zilikuwa za awali au zimebadilishwa, chipu zilikuwa za kiwandani au za badala, na nani alikirekebisha kabla ya kipimo kuwekwa. Mwenye Juno-106 inayochakacha kwenye noti ya sita atajua basi anailinganisha na ipi.