Majini ya Riwaya na Majini ya Kipaza Sauti

Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Wiki iliyopita mtumishi mmoja wa vijana, hapa hapa Lindi mjini (jina lake nalisitiri, na la kanisa lake pia), aliingia steshenari kwangu akanitupia mezani kitabu nilichokichapa na kukibaindi mwenyewe, spairo nyeusi, plastiki juu. Jalada limepigwa msalaba mkubwa kwa kalamu nyekundu.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina."

"Hiki kimetoka kwako?"

Nikamwambia ndiyo, mwenyewe ni binti wa kidato cha tatu, kalipia nusu na nusu nimemsamehe. Akasema kina majini, kina roho ya kuzimu, nisirudie. Halafu, bila hata kumeza mate, akafungua mkoba wake akatoa karatasi alizotaka nimtolee fotokopi kwa bei ya jumla, za kuuza kwenye semina. Kichwa cha habari: ushuhuda wa kijana aliyetumika kuzimu, chini ya bahari, na jinsi alivyotoka.

Nilimtolea. Biashara ni biashara, na umeme ulikuwepo. Lakini kurasa zikitoka nilikuwa nasoma. Jamani! Huko chini kuna jiji lenye lami na taa. Kuna malkia. Kuna ofisi na idara, kila mtu na cheo chake, na majini wana madaraja kama watumishi wa halmashauri. Kuna ghala la nywele bandia na mafuta ya kujipaka, yanapuliziwa laana kabla ya kupandishwa kwenda Kariakoo. Kwa ufundi wa kusimulia nampa haki yake huyo kijana, maana karatasi ziliisha kwenye trei na sikugundua.

Sasa niambieni. Kipi hapo ni riwaya ya maajabu na kipi siyo?

Riwaya ya yule binti nimeisoma yote, maana nimeichapa kutoka kwenye kaunta buku yake ya kwaya tatu, neno kwa neno, na mwandiko wake Mungu ndiye anayeujua. Inaanzia kilima cha Tendaguru, huku huku Lindi. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba mifupa ya dinosaria, wale wanyama wa kale, kwa miguu mpaka bandari yetu hapa, ikapakiwa melini, na leo mmoja wao amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, watu wanakata tiketi kumwona. Haya kila mtu Lindi ameyasikia, na kila mbunge ameyalalamikia. Binti yeye akauliza kitu ambacho sijasikia mtu mzima akikiuliza: mifupa ilipokwenda, kivuli kilibaki wapi?

Kwenye kitabu chake kivuli kilibaki. Kinatembea usiku pembeni ya mto Mbwemkuru kikitafuta mwili wake. Jini mmoja amewadanganya wanakijiji kwamba kile kivuli ni mungu, na kwamba kinataka majina ya watoto. Mtoto akishatajwa, anasahau mama yake ni nani. Msichana wa hadithi, yatima anayelelewa na babu, anashuka bondeni usiku, na anaulizwa swali lile lile aliloulizwa Ezekieli, kama mifupa hii yaweza kuishi. Anajibu kama nabii alivyojibu: "Ee Bwana MUNGU, wajua wewe." Niliacha kuchapa nikaenda kuchemsha chai.

Kina jini? Kina jini. Jini anashindwa, ukurasa mmoja kabla ya ule wa mwisho. Kina kasoro pia, tena nyingi: "ghafla" imetumika mpaka imechoka, na sura ya nne ni mahubiri matupu ambayo babu anayatoa huku mbaya wao akisubiri nje kwa adabu. Lakini juu ya jalada binti ameandika, kwa herufi kubwa, RIWAYA. Hakumdanganya mtu. Amesema mapema: haya nimeyatunga, njooni tutembee.

Ushuhuda wa kuzimu haujaandikwa riwaya. Umeandikwa "kisa cha kweli". Unasomwa kwenye kipaza sauti, watu wanalia, watoto wa shule ya Jumapili wamekaa mbele kwenye mkeka, na kesho yake wanaogopa kuoga baharini. Hakuna anayeuliza hilo jiji lenye lami lilijengwa na mkandarasi gani. Kumbe tatizo letu si majini kwenye hadithi! Majini tunayapenda, tunayalipia kiingilio. Tunachokataa ni mtu kukiri kwamba ametunga.

Na hapa sitanii tena. Ushuhuda wa namna hiyo karibu kila mara una bibi ndani yake. Kuna bibi aliyemuuza mjukuu, bibi aliyempa pete, bibi aliyemwamsha usiku wakapanda ungo. Mtaani kwetu kulikuwa na bibi mmoja akikaanga vitumbua barazani kwake, asubuhi mapema, unapita unachukua vinne umefungiwa kwenye gazeti. Kijana wa ukoo wake akaenda kushuhudia kwenye mkutano wa injili. Hakumtaja jina, alisema tu "bibi yangu mzaa mama, anakaanga". Nani asiyejua? Wiki ile ile nilipita saa nne asubuhi, sinia limejaa, mafuta yamepoa, yeye amekaa kwenye kigoda anawafukuza nzi kwa kanga. Watoto waliokuwa wakimwamkia walikuwa wanavuka barabara. Nilinunua vyote. Haikusaidia, maana siku zilizofuata aliacha kuwasha jiko. Kwenye riwaya ya binti hakuna bibi wa mtu yeyote aliyeuziwa ubaya. Adui ni jini, jini hana shamba la mikorosho la kugombania, hana wajukuu wa kuona haya, hafukuzwi kijijini. Ukikifunga kitabu, jini anabaki humo humo.

Haya, na ya mtumishi niyaseme, ingawa roho inauma. Hofu yake haitoki hewani. Wanaotuambia "mbona Wazungu wana Narnia" wanasahau kitu. C. S. Lewis, Mkristo aliyetunga hizo hadithi za Narnia, nchi ya maajabu, alipotoa kitabu cha kwanza mwaka 1950, na akaendelea mpaka vikafika saba mwaka 1956, mtoto wa Uingereza aliyekisoma hakuwa na shangazi aliyehama nyumba kwa kumkimbia mtu mwenye miguu ya mbuzi. Kwenye Narnia mwenye kwato ni picha tamu, amebeba mwavuli na vifurushi. Kwetu mwenye kwato ana anwani. Kila mtu wa pwani anamjua dereva aliyempa lifti mwanamke mzuri usiku, kisha akatazama chini kwenye miguu. Hadithi ikimtaja jini, msomaji wetu hasikii kitu cha kubuni, anasikia habari za jirani. Hilo nakubali. Ndiyo maana nasema watoto wetu ndio wanaohitaji zaidi kitabu kinachosema waziwazi "nimetunga", kuliko hata wale wa kule.

(Simba naye! Lewis alimweka Kristo ndani ya simba, na Maandiko yanamruhusu, Simba wa kabila la Yuda. Lakini jaribu kumsimulia mtu wa vijiji vya Lindi ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akilala saa kumi na mbili jioni, mlango umeegemezwa kinu, kwa sababu simba walikuwa wanakula watu, na nusu ya kijiji wanasema ni simba wa kutumwa. Mwandishi wetu atatafuta mnyama mwingine. Binti hakutumia simba, na wala sikumshauri.)

Kuna wanaosema Ukristo wa kusini na hadithi za majini haviivi chungu kimoja. Hawa nawajibu kwa kirefu, maana wananiudhi kuliko wote.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alipita huku na kundi la watumwa walioachwa huru, akawaacha Masasi, na kanisa la Masasi likaanzia hapo. Wajukuu wa kazi hiyo ndio sisi. Sasa, miaka sita kabla, 1870, yule yule Steere alikuwa ametoa kitabu cha hadithi za Unguja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. Aliziandika kama wasimulizi walivyozisema. Hakuzipiga msalaba wa kalamu nyekundu. Na huyu ni mtu aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, si mtalii.

Chukueni moja tu, ya Sultani Darai. Masikini aitwaye Hamdani anaparura jaani akitafuta punje za mtama. Anaokota kisarafu, watu wanatarajia anunue chakula, yeye ananunua paa. Paa anasema. Paa anamtafutia bwana wake mke, binti wa sultani, anamvika, anamtoa aibu, anakwenda kumuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia jumba la yule nyoka na mali yote iliyokuwamo. Kisha paa anaugua. Bwana wake sasa ni mtu mkubwa, amevaa vizuri, amekaa juu. Anasema: mpikieni uji wa mtama. Mke anashtuka, watu wanalia, yeye hajali. Huyu si nilimnunua kwa pesa kidogo? Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Usiku Hamdani analala kwenye kitanda cha kifalme, na akiamka yuko jaani, anaparura.

Mimi nimesikiliza mahubiri ya neema tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Sijawahi kusikia yaliyonikata maini kama uji ule wa mtama. Na waliosimulia walikuwa Waislamu wa Unguja, na aliyeandika alikuwa padre Mwingereza, na hakuna hata mmoja aliyedai kwamba paa yule alikuwepo kweli.

Baada ya Steere akaja Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu 1926 mpaka 1944, aliyelichukua jando lenyewe, kitu ambacho wamisionari wengine waliona ni cha kuchomwa moto, akaliweka chini ya msalaba na sala zake. Mpaka leo watu wanabishana kama alifanya sawa, na mimi nina maoni yangu, hasa juu ya mafunzo ya wasichana, ila si ya leo. Ninachosema ni kwamba kanisa lililothubutu kulibatiza jando halina sababu ya kukimbia kaunta buku.

Mnaosema fasihi hii ni ngeni: Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ni ya 1952, na ndani yake ndugu wawili wamegeuzwa manyani na jini. Wazazi wetu walisomeshwa. Sijaona mzazi aliyetoka humo mchawi.

Mnaosema vitabu vyenyewe vya Kikristo vya aina hii ni vibovu: vingi, ndiyo. Vimejaa wahusika wasiotenda jambo bila kunukuu mstari, na shetani mjinga ambaye mtoto wa darasa la pili angemshinda draft. Hilo ni tatizo la waandishi wanaoona haya kutunga, wanaogopa msomaji asipoliona jina la Yesu ukurasa wa tatu atapotea njia. Tolkien, mwandishi Mwingereza na Mkatoliki wa kufunga na kuungama, aliandika mwaka 1953 kwamba kitabu chake kile kikubwa cha maajabu, The Lord of the Rings, ni cha kidini na cha Kikatoliki kwa msingi. Kifungueni mtafute kanisa ndani yake. Hamna. Imani imezama kwenye hadithi kama chumvi kwenye mchuzi. Binti akifika huko, babu wa sura ya nne atanyamaza mwenyewe.

Bei ya vitabu, wachapishaji waliojaa Dar es Salaam, rafu za makanisa zilizojaa "kanuni za mafanikio" na "siri za ndoa yenye ushindi": siku nyingine, umeme ukiruhusu.

Na mnaosema, najua mpo, "watoto wasome Biblia tu, inatosha." Sawa kabisa. Nakubali kwa mikono miwili. Waanzeni na Waamuzi 9, miti inapofanya uchaguzi wa mfalme na mti wa miiba unapita. Wakitoka hapo wapelekeni Hesabu 22, punda anamgombeza nabii, na nabii, badala ya kuzimia, anamjibu. Wamalizie na Ufunuo 12, kuna nyoka mwingine wa vichwa saba, huyu mwekundu na ana pembe kumi, na mkia wake unakokota theluthi ya nyota. Wakishamaliza, leteni kalamu yenu nyekundu. Mimi nipo dukani mpaka saa moja.