Kontena la Kawaida

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikubali mapema ili tusigombane huko mbele. Nilipiga simu kuagiza kontena la taka, dada wa upande wa pili akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, la ukubwa gani?" Na mimi, mtu mzima mwenye tepu ya kupimia kwenye droo, nikajibu, "La kawaida tu."

Dada akanyamaza. Huko nyuma yake nikasikia mtu anakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Kaka, tuna la yadi 4, yadi 6, yadi 8, yadi 10 na yadi 20."

Sasa yadi mimi nazijua za kitambaa. Muuza nguo anashika pindo, ananyoosha mkono, anavuta mpaka puani, yadi moja hiyo. Nikapiga hesabu ya haraka: yadi 10 ni zaidi ya mita 9. Kitu cha mita 9 kinaingiaje kwenye geti langu? Kichwa kitafika mlango wa jikoni na mkia utabaki barabarani unapigiwa honi. Yadi 4 ndiyo saizi yangu, kama kigari kidogo hivi. Nikaagiza hilo, nikakata simu nikijiona mwenye busara kuliko wote mtaani.

Baadaye sana, nikiwa nimeshaumbuka, ndipo nikaelezwa kwamba hizo ni yadi za ujazo. Yadi moja ya ujazo ni boksi lenye sentimita 91 kila upande. Lijaze maji, ni lita 765 hivi, yaani madumu 38 ya lita 20. Kontena la yadi 10 ni mita za ujazo 7 na nusu na ushee, mzigo wa pikapu tatu hadi nne, na kwa urefu halifiki hata mita 5. Si wangesema madumu tangu mwanzo? Dumu bega langu linalijua. Yadi ya ujazo hakuna aliyewahi kuibeba.

Na ukifuatilia mambo ya taka utashangaa. Wamarekani kontena hili wanaliita dumpster kwa sababu ya mtu anayeitwa George Dempster, wa Knoxville, Tennessee. Yeye na nduguze ndio waliobuni, miaka ya 1930, mtindo wa lori kuliinua kontena lenyewe badala ya watu kuvunjika migongo. Jamaa baadaye akawa meya wa mji. Ufaransa nako pipa la taka ni poubelle, jina la Eugène Poubelle, mkuu wa Paris aliyewabana wenye nyumba miaka ya 1880 waweke vyombo vya taka. Wenzetu majina yao yamekuwa vyombo. Langu mimi limekuwa kitenzi. Mke wangu analitumia anapotaka kusema mtu amekadiria kitu vibaya na bado anabisha.

Basi, kontena la yadi 4 likaja. Kazi yenyewe ilikuwa bafu: tung'oe vigae, kabati, sinki la kunawia na choo cha zamani, tuweke vipya. Bafu lenyewe ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Nikasema, kitu kidogo hivi, taka zake zitajaa ndoo tatu.

Nikatupa kabati kwanza, zima, na milango yake. Juu yake nikaweka maboksi ya vigae vipya, matupu, kama yalivyo. Likafuata beseni lililopinduka. Saa nne asubuhi kontena limejaa na bafuni bado kuna kuta tatu hazijaguswa. Choo cha zamani nikakiweka juu kabisa, kileleni, kimekaa kama mfalme anayekagua gwaride.

Dereva akaja, hata injini hakuzima. "Mzee, mzigo hautakiwi kuvuka ukingo." Nikamwambia umevuka kidogo tu. Akaniambia kidogo hicho kikidondoka barabarani kikampata mwenye pikipiki, hakitakuwa kidogo. Hapo sikuwa na jibu. Akakishusha choo kwa mikono yake, akakiweka taratibu karibu na geti, akafunga turubai, akaondoka na kabati langu.

Fundi wangu alikuwa ameegemea ukuta anatazama. Huyu ni mtu ambaye ushauri wake huja siku moja baada ya kuhitajika. "Bosi," akasema, "umelipia kusafirisha hewa."

Akanionyesha kwa kabati lililobaki la jikoni, ambalo hatukupanga hata kulitoa lakini mkono ulishazoea. Alifungua skrubu za bawaba, milango ikatoka. Akagonga ubavu kwa nyundo ya mpira, mara mbili, kabati likalala lote chini kama mwavuli uliofungwa. Vipande saba vya mbao, bapa, vilivyopangwa kimo chake hakivuki goti. "Mbao bapa zinatangulia chini," akasema, "vizito vinafuata, vidogovidogo vinajaza mapengo. Maboksi yanakanyagwa." Akayakanyaga. Nikamuuliza kwa nini hakusema jana. Akasema jana hakuulizwa.

Kwa mara ya pili nikasema sifanyi mchezo. Kulikuwa na sakafu ya zege uani, imepasukapasuka, mke wangu anataka iondoke. Nikapiga simu: "Dada, nipe kubwa. Yadi 20." Akauliza, "Taka za aina gani, kaka?" Swali hili, jamani, msilijibu kwa mkato. Mimi nilijibu, "Mchanganyiko." Niliona kumweleza mtu baki mambo ya uani kwangu ni kujidhalilisha.

Kontena likaja, kubwa kama chumba cha mgeni. Tukaanza kuvunja. Zege ni kitu cha ajabu: likiwa limelala chini ni jembamba, sentimita 10 tu, unalikanyaga miaka na halikusumbui. Lipige sururu uone. Linavimba. Vipande haviketi pamoja, kila kimoja kinadai nafasi yake, katikati hewa. Ndiyo maana ukivunja ukuta mfupi unapata kilima kirefu. Tulizoa kwa toroli siku mbili. Toroli liliota pancha, mimi nikaota sugu. Siku ya pili jioni nikachungulia ndani ya kontena, halijafika hata nusu! Nikafurahi. Nikamwita mke wangu aje aone mume aliyejifunza.

Asubuhi lori likaja, likatupa minyororo, likavuta. Kontena halikutikisika. Likavuta tena. Kilichonyanyuka kilikuwa magurudumu ya mbele ya lori. Nimeona mengi, lakini sijawahi kuona lori limesimama kwa miguu ya nyuma kama punda aliyekasirika, na dereva ndani anashika usukani anaomba Mungu kimyakimya.

Alishuka polepole. "Mzee, humu kuna nini?"

"Mchanganyiko."

Akatoa simu, akapiga hesabu mbele yangu bila huruma. Sakafu mita 8 kwa 5, unene sentimita 10: mita 4 za ujazo. Zege, mita moja ya ujazo ni tani 2 na pointi 4. Akanigeuzia kioo cha simu nisome mwenyewe: tani 9 na pointi 6. Karibu tembo wawili wazima wamelala uani kwangu, na mimi nilikuwa nawapongeza kwa kutojaza nafasi.

Ndipo nikajua kwamba kontena kubwa si la vitu vizito. Kubwa ni la makochi, makabati, dari, matawi ya miti, vitu vyenye mapana lakini uzito hamna. Kifusi, udongo na vigae vinaenda kwenye kontena dogo, tena safi, bila kuchanganya na kitu kingine. Inakuja kinyume na akili ya kawaida: kazi nzito, chombo kidogo. Sheria hii wangeibandika kwenye mlango wa kontena kwa herufi kubwa. Wao wameandika namba ya simu.

Tukashusha zaidi ya nusu ya kifusi kwa mikono. Yaani kile tulichopandisha siku mbili, tukakishusha siku moja, kwa sababu hasira inaongeza kasi. Halafu usiku ule mvua ikanyesha. Sikuwa nimefunika, na ndani kulikuwa na zulia la sebuleni ambalo nililitia kwa siri wakati mke wangu hayupo. Zulia kavu analibeba mtu mmoja. Zulia lililokunywa mvua usiku kucha linataka vijana wanne na wimbo wa kutia moyo. Uzito wa maji nao unalipiwa, kwa taarifa yenu. Mizani haiulizi hii ni taka au hii ni mvua.

Kontena lilipoondoka liliacha mikwaruzo miwili kwenye saruji ya mbele, mirefu, sambamba, kama njia ya reli. Fundi akasema kumbe ningeweka mbao mbili chini. Nilimtazama. Akasema hakuulizwa.

Na choo? Nilijaribu kukipenyeza kwenye kontena dogo la kifusi lililofuata. Wakakikataa. Kauri ya choo si tatizo, walisema, tatizo ni kile kifuniko cha plastiki na bomba vilivyong'ang'ania. Nilichukua spana kufungua zile bolti. Zina kutu ya enzi na enzi. Nikakirudisha getini.

Mara ya tatu nilikuwa mjuzi. Nilirundika kila kitu uani kwanza, nikapima rundo kwa tepu, urefu mara upana mara kimo, nikaongeza kidogo, nikaagiza yadi 8. Saizi kamili. Kontena likashushwa jioni kwenye mbao mbili, safi, tupu, zuri hata kulitazama. Nikasema nitaanza kujaza asubuhi.

Hapo nilisahau kwamba kontena tupu likilala nje usiku, mtaa mzima unapata habari. Sijui nani huwaambia. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuta godoro, matairi mawili, televisheni yenye kisogo, mti wa plastiki, na makopo ya rangi nusu yakiwa bado na rangi. Jirani yangu, mtu mzima, anayeheshimika, nilimkuta yuko katikati ya kukisukuma kiti cha ofisi kiingie. Tulitazamana. "Shikamoo," akaniamkia. Ananizidi miaka kumi na tano.

Sasa godoro wanalitoza peke yake, matairi hawayataki, televisheni hawaitaki, rangi mbichi hawaigusi kabisa, betri na mitungi ya gesi usithubutu hata kuwatajia. Kwa hiyo nikatumia asubuhi nzima kutoa taka za watu kwenye kontena nililolipia mimi ili nipate nafasi ya taka zangu, na za watu nikabaki nazo. Rundo langu nililolipima vizuri kwa tepu likaingia lote, likalala chini ya ukingo kwa kiasi cha vidole vinne. Dereva yuleyule akaja, akazunguka, akatafuta kosa, akakosa. Aliinua kidole gumba. Nilitaka kulia.

Lori lilipokata kona ndipo nikakumbuka choo.

Kiko palepale getini mpaka leo, kinatazama barabara. Mke wangu amesema yadi 4 inatosha, nimemwambia anyamaze. Juzi usiku yule jirani wa kiti cha ofisi alipita, macho yake siku hizi hayaoni vizuri gizani, akakisalimia. Akidhani ni mimi nimechuchumaa. Kikanyamaza. Akasalimia tena, kikanyamaza. Tangu hapo anawaambia watu kwamba nimebadilika, ninaringa, na yote ni kwa sababu ya kiti kimoja.