Namba Mbili ya Hasheem Thabeet

Kijiweni kwetu Mwanga, Kigoma, ubishi wa Simba na Yanga ukichoka hugeukia kwa Hasheem Thabeet, yule mcheza kikapu. Juzi mzee mmoja aliweka chini kikombe cha kahawa akasema, "Kijana alipewa dunia, akaiangusha." Kinyozi wa pembeni hata hakugeuka: "Wewe mpira umekufikisha wapi, mzee? Uvinza?"

Mzee ana hoja. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet wa pili katika drafti, siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Mbele yake alikuwepo Blake Griffin peke yake. Wa tatu akawa James Harden, wa saba Stephen Curry, na kila hao wawili walipopanda yeye ndiye aliyechekwa. Msimu wa kwanza haujaisha akashushwa D-League, ligi ya kukuzia wachezaji. Mwaka 2011 akapelekwa Houston, baadaye Portland, kisha Oklahoma City. Mechi 224 za NBA, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7, yaani mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa. Kwa mtu wa futi 7 na inchi 3 hizo ni namba ndogo, sina haja ya kuzipaka rangi.

Ila kinyozi naye kashika kitu. Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, Dar es Salaam. Miaka michache baadaye yuko Chuo Kikuu cha Connecticut, na msimu wa 2008/09 anafunga wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, anazuia mitupo 4.2 kila mechi, timu inafika nusu fainali ya taifa. Kule chuoni ilitosha kusimama chini ya goli na kuwafuta wanaokuja. NBA wanakuja kwa kasi nyingine, faulo zinakujaa mapema, na nafasi yako Memphis imekaliwa na Marc Gasol. (Gasol hakumdhulumu mtu, alikuwa bora tu.) Mtu anayejifunza kazi ukubwani, akiwekwa benchi, anajifunzia wapi?

Samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa ziwani tusingepaswa kukumbushwa. Mikono laini na miguu inayojua pa kukanyaga hujengwa utotoni. Naona Memphis walinunua urefu wakiamini mengine yatafuata, na sisi nyumbani tulishangilia urefu uleule. Kwa hiyo mzee nampa nusu: matarajio hayakutimia. Lakini kosa la hesabu halikuwa la Thabeet peke yake, na misimu mitano NBA kwa aliyeanza vile, mimi siiti kuanguka.

Jioni ile nilipita uwanjani. Goli halina nyavu, mpira umesuguliwa na saruji hadi vipele vyake vimeisha. Kuna kijana wa miaka 17, anainama kupita mlangoni kwao. Akidanki, yaani akiruka na kuuzamisha mpira golini kwa mkono, watoto wanapiga mayowe. Akipewa mpira kalipa goli mgongo, unamponyoka, au anageuka na mguu usio wake. Nikamuuliza nani alimfundisha kugeuka vile. Akasema hakuna, mwaka jana alikuwa anapita njia, ametumwa chumvi, wakamwita aingie kwa sababu ni mrefu.