Mtutu haujafa, mmeulisha vichwa vyembamba

"Huu mtutu umekufa." Nimeyasikia tena Jumamosi, kwenye maonyesho ya bunduki huku kwetu Kentucky, na safari hii damu imenichemka kweli. Muuzaji ana Winchester 1894, bunduki ya wenzo, ya risasi aina ya .38-55, mtutu wa pembe nane, kitako cha walnati kimekolea weusi kwa jasho la watu waliokwisha kuzikwa zamani. Pembeni kaweka karatasi ya shabaha, eti ushahidi: matundu marefu marefu, maana yake vichwa vya risasi vimepiga karatasi kwa ubavu. Anamwambia kijana wa watu, hii ya kutundika ukutani tu, ama umtafute fundi autoboe mtutu auvike bomba jipya ndani.

Nikamuuliza, umeupima? Akaniangalia kama nimeulizia mahari ya binti yake.

Hajaupima. Hawapimi. Wanakagua kwa tochi, wanafyatua boksi moja la risasi za dukani, wanatoa cheti cha kifo.

Mitutu mingi ya .38-55 ya enzi zile, ukiipima kwenye vina vya mifereji, ile iliyochongwa ndani ili kukizungusha kichwa, inakuja inchi 0.379, 0.380, mingine inazidi hapo. Risasi za kiwandani za leo zina vichwa vya 0.375 hadi 0.377. Hebu fikiria kinachotokea humo ndani. Kichwa hakiigusi mifereji sawasawa, kwa hiyo hakizunguki inavyotakiwa; gesi ya moto inakipita ubavuni; kikitoka mdomoni kinapinduka hewani. Hayo ndiyo matundu marefu. Marehemu hapo ni nani?

Mtaniuliza mbona zamani zilipiga vizuri. Zilipiga kwa sababu ya baruti nyeusi. Ile inasukuma kwa kishindo cha ghafla, na kichwa laini cha madini ya risasi yaliyochanganywa na bati kidogo kinabanwa kitakoni kabla pua haijaanza safari. Kinafutuka, kinajaza mtutu, kinaziba. Kiwanda cha Winchester kule New Haven kilitoboa mitutu kwa vipimo vinavyopishana na hakuna aliyelalamika, maana kichwa chenyewe kilijirekebisha. Na 1894 ilipotoka, risasi zake za mwanzo zilikuwa .32-40 na .38-55, zote za baruti nyeusi, ile .30 ya baruti isiyo na moshi ilifuata 1895, na mtutu wake ulihitaji chuma kingine, chuma cha nikeli. Leo mtu anachukua kichwa chembamba, kigumu, kilichovikwa shaba, anakisukuma kwa baruti ambayo kishindo chake kinapanda polepole, kisha lawama zote kwa bunduki. Haya bwana.

Kupima si kazi ya kisayansi. Chukua chubwi laini ya kuvulia samaki, ipake mafuta, fungua wenzo, hakikisha hamna kitu ndani, igonge chubwi iingie mdomoni kwa nyundo ya mbao, kisha isukume na fimbo hadi itokee nyuma. Itatoka imechorwa mifereji yote sita, na kwa kuwa kila mfereji una mwenzake upande wa pili, maikromita haikudanganyi. Kahawa yako haijapoa umeshajua. Kichwa cha risasi utakachotumia kiwe kinene kuliko hicho kipimo kwa elfu moja au mbili ya inchi. Basi.

Yangu mimi nayo niliuziwa kama maiti. Chubwi ikasema 0.380. Nikatafuta kalibu inayotoa 0.382, nikasubu, na kwa yadi 50 matundu yakakaa pamoja nikayafunika kwa kiganja. Matundu ya duara, jamani, duara kabisa. Kikwazo pekee ni maganda: ya leo mengi yana kuta nene, na kichwa kinene ndani ya ganda nene hakiingii chemba, pale risasi inapolala nyuma ya mtutu. Tafuta maganda membamba, tena yale marefu ya inchi 2.125 kama ya zamani; mengi ya kisasa yamefupishwa hadi 2.080.

Kusubu kwenyewe ndiko kunakonikosesha usingizi kwa raha. Vizito vya risasi vya kubalansi magurudumu naviomba kwa mafundi wa matairi, ila siku hizi wanachanganya na vya zinki. Dawa yake ni moto mdogo: madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki inasubiri mpaka 420 hivi, kwa hiyo vizito vya zinki vinaelea juu vikiwa vizima, unaviopoa na kijiko. Ukizembea moto ukapanda, sufuria nzima inageuka uji wa mabonge na vichwa havijai kalibu. Halafu unaongeza bati. Vichwa vya mwanzo vinatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu bado baridi. Unavirudisha sufuriani bila huruma. Kalibu ikishapata moto wake, vinadondoka juu ya taulo vinang'aa, kingo kali, kitako bapa. Vikipoa, unavijaza nta na mafuta kwenye pete zake. Dada yangu yuko Tanga, nilimtumia picha. Akajibu: "Umeenda Marekani kuwa mhunzi?" Ndiyo, dada.

(Na kabla Mkenya mmoja hajaniandikia tena kuhusu Theodore Roosevelt, yule rais wa zamani wa Marekani: najua. Alishuka Mombasa Aprili 1909 na Winchester 1895 ya .405, akaisifu kuwa ni dawa ya simba. Hiyo ina sanduku la risasi chini, siyo bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu kama yetu, na si ninayoizungumzia. Kwenye bomba risasi zinapangana, pua ya moja ikigusa fataki (kile kiwashio cha kitakoni) ya iliyo mbele yake, ndiyo maana vichwa vyetu vina pua bapa. Ukiweka vya ncha kali, ncha inaweza kuilipua fataki, utajijua.)

Sasa nikubali mambo, shingo upande. Iko mitutu iliyokufa kweli. Fataki za zamani ziliacha chumvi, mwenye nayo hakusafisha, kutu ikala mashimo. Hapo maikromita haifufui kitu. Madini ya risasi ni sumu pia, sibishani: subu nje au penye hewa inayopita, nawa mikono kabla hujagusa chakula, watoto wakae mbali, na maji yasikaribie sufuria maana tone moja linalipua risasi ya moto usoni. California wamezuia kuwindia vichwa vya madini ya risasi jimbo zima tangu Julai 2019 kwa ajili ya wale ndege kondori wanaokula mizoga yenye vipande vyake. Siipendi sheria hiyo, lakini ndege ninawaona wana haki. Mimi napiga karatasi, na vichwa navifukua kwenye tuta navirudisha sufuriani.

Na wanaozipaka bunduki za kale rangi upya zing'ae kama za jana, sina hata la kuwaambia.

Kinachoniuma ni kwamba cheti hiki cha kifo kinaua kweli. Mtu akishaambiwa mtutu umekufa, anautoboa na kuweka bomba, au anaukata, au anaunyofoa auze vipuri kimoja kimoja. Bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899, ambayo sheria ya shirikisho hata haiihesabu kuwa silaha, ni kitu cha kale, inakatwakatwa kwa sababu ya elfu tano za inchi ambazo hakuna aliyejisumbua kuzipima. Babu zetu kule Tabora walipiga magobore kwa goroli na kila chuma walichookota, na bado walijua kwamba kinachoingia mtutuni lazima kiuenee mtutu.

Kwa hiyo kama una .38-55 na fundi amekwambia imekwisha, usiikate, usiitoboe. Nunua chubwi. Uvivu ukikushinda, niuzie mimi, kwa bei ya bunduki mbovu bila shaka, si mmeshasema imekufa?