Kamera Iliyomkataa Bi Harusi

Kama hujawahi kuhudhuria kupamba Mombasa wacha nikueleze kwanza, manake bila hilo hutaelewa mbona mtu na akili zake timamu atafute kamera ya mfukoni zama hizi ambapo hata muuza madafu ana simu yenye lenzi tatu. Kupamba ni usiku wa wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa, nywele nje, mabega nje, hina imepanda mpaka magotini, na bi harusi anaketishwa juu ya jukwaa atazamwe mpaka watu wachoke. Sasa picha moja tu ikitoka kwenye ule ukumbi ikaingia grupu ya WhatsApp, basi kitumbua kimeingia mchanga, kuna waume za watu watapiga simu usiku huo huo. Ndo maana simu zinakusanywa mlangoni. Kunawekwa mabauncha wa kike, wale wa kukupapasa mpaka ndani ya mkoba, simu inatiwa kwa mfuko unapewa nambari, na usijaribu kuwaambia ati wewe ni wa nyumbani, hata mamake bi harusi mwenyewe alipapaswa.

Huyo mamake bi harusi ni khalti yangu, yani dadake mamangu. Hakutaka mpiga picha wa kulipwa, alitaka mtu wa damu, na kamera isiyo na laini, isiyo na waifai, isiyo na kitu chochote cha kutuma. "Nataka kitu cha kupiga picha kikanyamaza," ndivyo alivyosema. Macho yote ya sebuleni yakanigeukia kwa sababu mimi ndo nilisomea kompyuta, na kwa watu wetu kila kitu chenye betri ni kompyuta.

Basi nikaanza kusoma. Kamera hizi ndogo zina elimu yake, wallahi. Wenye kujua wanakwambia wacha kutazama megapikseli, tazama sensa, ile chipu inayopokea mwanga. Nyingi za bei rahisi sensa yake ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, yani haifiki hata ukucha wa kidole cha mwisho, na ukiipeleka kwenye ukumbi wa giza giza picha inatoka chenga tupu. Zile za maana kama Sony RX100 iliyotoka 2012 zina sensa wanayoiita ya inchi 1, nikachukua rula nikatazama, milimita 13.2 kwa 8.8, hapo inchi iko wapi? Kumbe jina limerithiwa kutoka kwa mirija ya kamera za televisheni za zamani, wanapima kitu ambacho hakipo tena. Muuza leso wa Biashara Street akikupimia hivo si mtafika polisi? Na kuna Canon G7 X Mark III ya 2019, hiyo ndo vijana wanaifia sai, kamera inazeeka na bei inapanda. Nilipomtajia khalti bei akaniuliza hiyo ni kamera ama ni mahari.

Tukaishia kwenye duka moja la vitu vya mtumba mjini. Mwenye duka alikuwa na moja ndogo nyekundu, jina lake silitaji, na akaanza kunisomea sifa zake huku amefunga macho. Zumu mara kumi na mbili, na ukiongeza ya dijitali inafika arubaini na nane (hiyo ya dijitali si zumu, ni kukata katikati ya picha na kuivuta, lakini nilimwacha aendelee). Modi ya theluji. Mombasa, theluji. Modi ya fataki, modi ya chakula, modi ya mtoto, modi ya chini ya maji ambayo ukiitia majini bila kasha lake inakufa hapo hapo. Kuna ya kukonyeza, unaiweka mezani unaikonyeza inakupiga. Halafu akashusha sauti akaniambia na kuna modi ya tabasamu, ukiiweka hiyo wewe nenda zako, ikiona mtu ametabasamu inajifyatua yenyewe.

Hapo nilinunuliwa. Si kwamba ni mambo mapya, Sony walishaitoa modi ya namna hiyo tangu 2007, ila mimi nilikuwa na hesabu zangu. Mpiga picha wa kupamba halagi. Kila mwaka tunamwona yule dada anazunguka na kamera shingoni biriani inampita mbele ya pua, akimaliza anapewa ukoko. Mimi nikaona hapa ni kuisimamisha kwa tripodi mbele ya jukwaa, modi ya tabasamu, na mimi na sinia yangu.

Kamera yenyewe ilikuwa na vituko vyake toka nyumbani. Ilikaa dukani bila betri mpaka ikasahau siku, kila ikiamka inadhani ni 01/01/2010. Nikaiweka sawa, nikatoa betri kuchaji, kurudisha iko 2010. Nikaiweka tena, ikarudi tena. Nikaiacha na imani yake. Halafu watoto wa kaka yangu wakaikalia wikendi nzima wakaingia kwenye menyu mahali ambapo hata mwenye duka sidhani alishafika, wakakuta kuna milio ya kuchagua ya wakati wa kupiga, kuna ndege, kuna kengele, na kuna mbwa. Sikuambiwa.

Usiku wenyewe ukafika. Mwanzo nilipiga kwa mkono kama watu, na hapo nikajua maana ya ile flashi ya kuondoa macho mekundu. Ile inamulika kwanza mara kadhaa ndo mboni za macho zisinyae, kisha ndo inapiga picha ya kweli. Sasa waeleze hayo wanawake thelathini waliojipanga na visigino. Inamulika, wanadhani tayari, wanageuka kila mtu na njia yake, mmoja anajikuna, mwengine anatoa pipi mdomoni, halafu ndo PAA, picha inapigwa. Mlio wenyewe haukusikika, taarabu ilikuwa juu na spika ziko kila kona. Nikasema basi, huu ndo wakati wa modi ya tabasamu. Nikasimamisha tripodi, nikabonyeza, nikaenda zangu nyuma ya pazia kwenye masinia.

Kitu kimoja ambacho aliyeiunda hiyo kamera hakukijua ni kwamba bi harusi wa Kiswahili hacheki. Somo wake, yule mwanamke wa kumfunda bi harusi, alishamkalia wiki nzima: inamisha macho, usionyeshe meno, ukicheka watasema una hamu ya mume. Na binti wa watu alishika adabu barabara, alikaa pale na maua yake na dhahabu zake na uso wake umenuna kwa heshima zote. Kamera inamtazama. Inamsubiri. Hakuna meno. Basi ikaanza kutafuta meno mahali pengine.

Karibu na kiti chake, upande wa kushoto, dadake bi harusi alikuwa amembadilisha mwanawe na kuacha paketi la daipa. Paketi lina picha ya mtoto, na mtoto yule anacheka, ufizi wote nje. Yule hachoki kucheka. Yule ndo kazi yake.

Mimi sikujua chochote, nilikuwa nimefika kwenye nyama. Nilichoskia ni DJ amezima taarabu ghafla, kisha kimya, kisha mbwa akabweka. Ukumbini. Ndani ya ukumbi wa wanawake, usiku wa kupamba, mbwa. "Hau!" na mwanga juu yake. Kimya. "Hau!" Mwanga tena. Nikachungulia na tonge mkononi. Watu wote wametazama ile kamera imesimama peke yake kwa miguu mitatu, nyuma yake hakuna mtu, inamulika na kubweka kumuelekea bi harusi.

Nyanya yetu akasimama. Nyanya ana miaka themanini na kitu na magoti yake hayasimami bila watu wawili, lakini usiku ule alisimama mwenyewe. "Jini hilo!" Akaanza Ayatul Kursi kwa sauti, na wale wazee wa safu ya mbele wakaitikia, na bi harusi maskini ameganda, hajui akimbie ama aendelee kuwa na adabu. Wasichana wa safu za nyuma wao walishaelewa, wakaanza kucheka. Na wale waliokaa pembeni ya jukwaa wakacheka. Hapo ndo balaa lilipozidi, manake kamera sasa ilipata meno ya kutosha. Kila wakicheka inapiga, kila ikipiga inabweka, kila ikibweka nyanya anapandisha sauti, na nyanya akipandisha sauti wanacheka zaidi. Ikawa hau hau hau bila pumzi. Bauncha mmoja mwenye mwili wa kubeba gunia akaja mbio, akafika nusu ya njia, akasimama, akaniuliza kwa ishara kama anaweza kurudi mlangoni.

Nimetoka na mkono wa biriani nikijaribu kuelezea, "Nyanya ni modi, ni modi tu," na nyanya ananiambia "Nyamaza wewe, unaliita kwa jina lake!" Mwishowe somo akavua leso yake akaifunika kamera yote. Nyuso hazionekani tena, kamera ikanyamaza. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Nyanya akatangaza kwamba somo ana kitu, si mtu wa kawaida, na nasikia tangu usiku ule somo amepandisha bei.

Kesho yake tukaunganisha kamera kwa TV nyumbani kwa khalti. Mtoto wa daipa. Anayefuata, mtoto wa daipa. Kali, angavu, unaweza kumhesabu kope. Nyuma yake kuna wingu jekundu na la dhahabu, hilo wingu ndo bi harusi. Picha baada ya picha, na kwenye kila moja pale chini kulia imeandikwa kwa rangi ya chungwa 01/01/2010, kumbe wale watoto waliwasha na tarehe. Bi harusi alikuwa darasa la tatu hiyo 2010. Khalti hakusema kitu, alikuwa anatingisha mguu tu. Khalti mwengine akauliza taratibu kama tuna uhakika tunataka watu waone picha za harusi zenye mtoto mkubwa hivo.

Ila mwisho wa kadi, pale kwenye zile za vurugu, kukatokea moja ya ajabu. Safi kabisa. Ni ya shangazi wa bwana harusi, yule mnene mwenye kicheko, kamera imempata pembeni ya jukwaa amecheka mpaka jino la dhahabu linang'aa, na mkoba wake uko wazi mapajani, na ndani ya mkoba kuna sambusa. Si moja. Zimepangwa.

Na huyo shangazi ndo yule aliyezunguka mtaa mzima toka alfajiri akisema harusi ya kina sisi chakula hakikufika, upande wa bwana harusi wamelala na njaa, sambusa waliziskia harufu tu. Khalti alivyoiona ile picha alisimama. Akasema ichapishwe, kubwa, leo hii. Nikaenda kwenye kibanda cha kuchapisha picha nikarudi nayo, akaishika, akafurahi, akavaa miwani. "Na hii 2010 hapa ni nini?" Nikamweleza. "Ifute." Nikamwambia imeshaungana na picha, nikiipaka rangi shangazi ataona na atasema tumefoji. "Basi kata hiyo kona." Tatizo kona ya chini kulia ndo penye mkoba. Ukikata tarehe umekata na sambusa. Khalti alikaa na mkasi mkononi muda mrefu, anaupeleka, anaurudisha.

Mwishowe akaamua kwenda nayo hivo hivo, nami nikaburutwa kama shahidi. Shangazi akatupokea vizuri, kahawa, halua, akaichukua picha akaitazama karibu, akaitazama mbali, akaona tarehe.

"Mashallah! Kumbe 2010 nilikuwa nimependeza hivi? Nilikuwa bado mwembamba." Akaita binti zake wote waje waone. "Hii mmeitoa wapi? Nilikuwa sina hata picha moja ya miaka hiyo."

Sasa iko sebuleni kwake ndani ya fremu, juu ya TV, sambusa na kila kitu, na kila mgeni akienda anaulizwa kama anaweza kumtambua huyo ni nani. Khalti akienda kumtembelea anakaa ameipa mgongo.