“Genie” wa Waingereza si jini wetu aliyevuka bahari

Mtajie Mswahili neno la Kiingereza “genie”, linalotamkwa “jini” kama letu, naye atakwambia hapo hapo: hilo wamelitoa kwa Waarabu, kama sisi. Nami niliamini hivyo miaka mingi. Kinachonitia shaka ni ile herufi g.

Neno lenyewe lilikuwapo Ulaya kabla hadithi za Kiarabu hazijafika. Warumi walikuwa na “genius”, roho mlinzi wa mtu, jina lililotokana na kitenzi chao cha kuzaa. Kila mwanamume alizaliwa na genius wake, na siku ya kuzaliwa kwake alimtolea divai na ubani. Huko Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, genius amechorwa ukutani katika nyumba ya akina Vettii: kajitanda toga mpaka kichwani, mkono mmoja ana kisahani cha kumwagia divai, mwingine kikasha cha ubani. Chini yake nyoka anajivuta kuelekea madhabahuni. Wafaransa walirithi neno hilo likawa “génie”. Mwaka 1704 Antoine Galland alipoanza kuchapisha Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa, alikutana na “jinni” wa Kiarabu, na hapo alikuwa na neno tayari nyumbani kwao, lenye sauti karibu ile ile na maana isiyopishana mbali. Akalitumia. Waingereza wakalipokea kwake. Richard Burton, aliyewahi kukaa Unguja, alipotoa tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1885 alirudi kwenye “Jinni”.

Wanaoshikilia Uarabu wa neno hili nao wana hoja, na si ndogo. Mtoto wa Kiingereza akisikia “genie” hamkumbuki Mrumi yeyote. Anaona taa, moshi na kilemba. Maana ya leo imetoka Mashariki, na asili ya neno haiamui linavyotumika. Ila hata hapo pana vumbi la Ulaya: kisa cha Aladini Galland alikisikia mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, Mkristo wa Aleppo, na ndani yake hakuna kikomo cha matakwa matatu. Hayo yamepachikwa baadaye.

Kuna waliougeuza mjadala juu chini: eti “jinn” ndiyo iliyotoka kwa Warumi. Ushahidi wao ni mawe ya Palmyra, katika jangwa la Syria, mji uliokuwa chini ya Roma, yanayotaja miungu walinzi walioitwa “ginnaye”. Hoja inavutia, lakini mimi hainiridhishi. Mzizi wa Kiarabu wa j-n-n, wenye maana ya kufunika au kuficha, una watoto wengi mno kuwa wa kuazima: janna ni bustani iliyofunikwa na miti, janini ni mimba iliyofichika tumboni, na majununi ni aliyefunikwa akili. Na angalia, Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo bila kumwiga mtu. Tuna pepo wa kupunga na tuna peponi. Tuna mzimu na tuna mwendawazimu.

Tatizo linakuja tunapomrudisha “genie” nyumbani. Watafsiri wengi huandika “jini” na kuendelea. Niliwahi kumsimulia bibi yangu, Tanga, kisa cha taa, nikafika pale jini anapoinama na kusema “amri yako, bwana.” Bibi akaacha kuchambua mchele. “Jini gani huyo anayekuuliza wewe unataka nini? Jini ndiye anayetaka.” Kwake yeye jini anampanda mtu, mtu huyo anakuwa kiti chake, kisha anatoa masharti: marashi, ubani, halua, kitambaa cha rangi fulani. Mwenye kutumwa ni mwanadamu.

Sitaki kutia chumvi. Pwani hiyo hiyo kuna maneno ya watu wanaofuga majini ya mali. Duka likishamiri ghafla, majirani wanaanza kunong’ona. Kwa hiyo jini mtumishi si mgeni kabisa kwetu. Lakini hata huyo, kwa masimulizi yetu, analipwa, na malipo yake yanatisha. “Genie” hadai kitu. Cha ajabu, yule babu yake wa Kirumi alikuwa na haja zake, divai na ubani, na nadhani bibi angemwelewa upesi zaidi.

Ndiyo maana nikitafsiri huandika “jini wa taa” au “jini wa chupa”, kutegemea kisa. Wahariri hulikata neno la pili wakiona limezidi. Mimi hulirudisha.